Kufunga fishifainda, GPS, rada na redio kwenye boti ya kuvulia: anza na waya, skrini iwe ya mwisho

Hapa nazungumza na mwenye boti ya faiba ya kuvua kwa starehe ama kupeleka wageni, hizi za futi 24 mpaka 30, mashine mbili nyuma, usukani katikati na paa la mabomba juu, zile unaziona Mtwapa, Kilifi, Watamu, Malindi mpaka Shimoni. Wakati wa kufanya kazi yenyewe ni kipindi cha kusi, kuanzia mwezi wa tano hivi, bahari imechafuka, wageni hakuna na boti nyingi ziko juu zimeegemezwa. Ukingoja mpaka mwezi wa kumi kila fundi atakuwa na foleni na wewe mwenyewe akili iko kwa sulisuli na jodari, kazi itafanywa mbiombio na mbiombio kwenye chumvi haina mwisho mzuri.

Kabla hujatoa pesa shika hili: vifaa vya siku hizi haviharibiki ovyo, kinachoharibika ni waya. Mtu ananunua skrini ya inchi 12 kutoka Dubai, transdyusa nzuri (kile kijicho kinachopiga sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi), rada, alafu akifika kwenye waya anasema bei kali, anaingia duka la vifaa vya nyumba anachukua rola la waya wa soketi. Miezi michache baadae skrini inazima kila akiwasha mashine, anaanza kutukana kampuni. Kampuni haina kosa. Kata ule waya kidogo tu uuangalie, shaba ndani imekuwa nyeusi mpaka mbali chini ya plastiki, ukiikwangua kwa kisu inatoka unga wa kijani. Waya wa boti unatakiwa kila uzi wake upakwe bati, ukiukata unaona rangi ya fedha sio rangi ya shaba, na uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, manake waya mgumu wa uzi mmoja unakatika kwa mtikisiko. Hapa kwetu haupatikani kila duka kwa hiyo uagize mapema pamoja na vifaa vyenyewe.

KWANZA KABISA, CHORA

Chukua karatasi uchore boti yako ukiitazama kutoka juu. Weka betri zilipo, usukani ulipo, paa, ubao wa nyuma. Alafu chora kila kifaa na kila waya utakapopita, upime kwa tepu, usikisie, na uongeze kama mita moja kwa kila waya kwa ajili ya kona na kuacha nafasi ya kushusha mkono. Ukishamaliza utajua mambo mawili: urefu wa waya wa kununua, na kama kweli ile dashibodi inabeba skrini mbili ama unajidanganya. Kata boksi ya karatasi kwa vipimo vya skrini, ibandike kwa selotepu pale unapotaka, simama kwenye usukani kama unaendesha. Je unaona mbele? Ile dira ya maji imezibwa? Mlango wa nyuma ya dashibodi unafunguka na mkono unaingia? Nyuma ya skrini kuna plagi na waya zinazohitaji nafasi ya kupinda, watu wengi hawaihesabu hiyo.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni huu: boti ya futi 26, skrini mbili (12 na 9), transdyusa ya kilowati 1, rada ya kuba, redio ya VHF yenye DSC (kitufe chekundu cha kuomba msaada), AIS (kifaa kinachotangaza boti yako kwa meli na kukuonyesha meli zilizo karibu), sensa ya mwelekeo, antena ya GPS na habari za mashine mbili kwenye skrini. Kama yako ni ndogo toa usivyohitaji, mpangilio ni ule ule.

UMEME

Hii ndo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu zaidi.

Vifaa vya elektroniki viwe na betri yao, tofauti na betri za kuwashia mashine. Unapopiga stata betri inashuka ghafla, na skrini nyingi volti zikishuka chini ya 10 hivi zinajizima na kujiwasha tena, ukiwa katikati ya mlango wa mwamba na mawimbi nyuma hutaki hilo likutokee. Betri ya vifaa ichajiwe na mashine kupitia relei ile inayounganisha betri zenyewe volti zikipanda na kuzitenganisha zikishuka, hivyo hata ukisahau taa imewaka usiku kucha bado mashine itawaka asubuhi.

Kutoka kwenye hiyo betri vuta waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, mpaka chini ya usukani, hapo ufunge sanduku la fyuzi na kipande cha shaba chenye skru nyingi cha kukusanyia nyeusi zote. Kila kifaa kipate fyuzi yake ya ukubwa uliosemwa kwenye kitabu chake. Alafu kwenye ule waya mkuu mwekundu weka fyuzi kubwa karibu sana na betri, kanuni ya Wamarekani ya ABYC inasema isizidi inchi 7, yani kama sentimita 18 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo kazi yake kulinda waya usiwake moto, kwa hiyo ukiiweka kule mbele chini ya usukani umelinda nini? Mita zote kutoka betri mpaka pale ziko wazi.

Unene wa waya usiuokote kichwani, pigia hesabu. Chukua urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa ampia, zidisha kwa 0.0175, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea njiani. Mfano wetu, kutoka betri mpaka usukani mita 7, kwa hiyo kwenda na kurudi 14, vifaa vyote vikiwaka tuseme ampia 15. Ukitumia waya wa 4mm, 14 mara 15 mara 0.0175 gawa kwa 4 unapata volti 0.92, hiyo ni karibu asilimia 8 ya volti 12 imeyeyuka kabla haijafika. Ukitumia wa 10mm unapoteza 0.37, asilimia 3, na hiyo asilimia 3 ndo kipimo cha vifaa vya kuongozea chombo. Ndio, waya wa 10 ni ghali. Weka wa 10.

Viungo sasa. Usisokote waya na kufunga selotepu, hata kama umefanya hivyo kwenye gari miaka yote. Tumia vichwa vya waya vyenye mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani, bana kwa plaizi ya kubania yenye meno ya kazi hiyo, alafu uvute kwa nguvu. Kikitoka ni bora kitoke mkononi mwako leo. Kisha pasha joto mpaka uone gundi inachungulia pembeni, hapo chumvi haina pa kupita. Na usiweke kiungo chochote kwenye ngama, kule chini maji yanakokusanyika, ikibidi waya upite huko upite mzima mzima bila kukatwa.

Kabla ya kuunganisha kifaa chochote washa umeme na upime kwa multimita kwenye kila plagi. Nyekundu na nyeusi zimekaa sawa? Volti ngapi? Andika kwenye ule mchoro.

TRANSDYUSA

Skrini haioni samaki, transdyusa ndo inaona. Skrini ya bei ya kati na transdyusa nzuri iliyofungwa pazuri itaishinda skrini ya bei mbaya iliyopewa transdyusa ya bure kwenye boksi, hasa kwa maji ya huku kwetu ambapo ukitoka nje kidogo ya mwamba chini panaporomoka, na Mkondo wa Pemba ni mamia ya mita. Sauti kwenye maji inaenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 300 mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.4, na unarudi umechoka. Masafa ya chini, kilohezi 50 na jirani zake, yanafika mbali lakini picha yake ni pana na haina undani sana, ya juu kama 200 yanaonyesha vizuri ila yanaishia maji ya kati. Kama unafukuzia nguru na kolekole pembeni ya mwamba ya juu yanakutosha. Kama unashuka kule kwenye kina kirefu kutafuta samaki wa chini, chukua ya kilowati 1 yenye masafa ya chini na usijadiliane na mtu.

Kuna njia tatu za kuifunga. Ya ubao wa nyuma ndo rahisi, lakini funga kwanza ubao wa plastiki nzito kwenye boti kwa gundi na skru chache, alafu transdyusa ipigwe skru kwenye huo ubao, ukitaka kuishusha ama kuipandisha milimita tano huendi kutoboa boti tena. Ya ndani, inayobandikwa sakafuni na kupiga sauti kupitia faiba, inafanya kazi pale tu ambapo faiba ni faiba tupu, kama katikati kuna mbao ama povu sauti inafia humo. Ya tatu ni ya kutoboa chini, ndo bora, ndo inayoogopwa.

Kwa ya kutoboa, mahali ndo kila kitu. Iwe mbele ya propela, nyuma ya katikati ya boti, mahali ambapo boti ikiwa mbio bado pamelowa, na isiwe nyuma ya ile mistari iliyotokeza chini ya boti wala nyuma ya tundu la kuvutia maji, manake hivyo vyote vinatengeneza povu, na sauti haipiti kwenye povu. Angalia pia pembe ya sakafu ya boti yako, pima kwa programu ya kipimo cha pembe kwenye simu ukiiweka kwa chini. Transdyusa za kisasa zinauzwa na jicho lililoinamishwa digrii 0, 12 ama 20 ili boti ikikaa majini jicho liangalie chini wima. Ukinunua ya 0 kwa boti ya digrii 20 itabidi uweke kipande cha kusawazisha, inakubali lakini ni kazi.

Toboa kitundu kidogo cha milimita 3 kutoka ndani kwanza, toka nje uangalie kimetokea wapi. Kama kimetokea kwenye mstari uliotokeza, kitundu cha milimita 3 unakiziba kwa dakika chache. Ukiridhika ndo toboa lile kubwa kutoka nje. Ukikuta tabaka la mbao katikati ya faiba, ikwangue kuzunguka tundu lote na ujaze epoksi, iache ikauke vizuri ndo uendelee, maji yakiingia kwenye mbao ya ndani hutajua mpaka sakafu ianze kubonyea. Bomba la transdyusa la shaba nyeusi ni sawa kwa faiba na kwa mbao. La plastiki usiliweke kwenye boti ya mbao, mbao ikinywa maji inavimba na kulivunja. Kwenye boti ya alumini usiweke shaba hata kidogo, italiwa. Gundi iwe ya boti kama Sikaflex ya majini, silikoni ya bafuni iache bafuni, na usisafishe transdyusa ya plastiki kwa asetoni inaipasua.

Kuna wanaofanya kazi hii bila kupandisha boti, wanasubiri bamvua, boti inalala mchangani maji yakitoka. Kwa kubadilisha ya ubao wa nyuma sawa. Kwa kutoboa chini mimi sikushauri, gundi inahitaji muda wake kukauka na bahari haikungoji.

Waya wa transdyusa USIKATWE. Umezidi? Ukunje mahali pakavu. Na usiufunge pamoja na waya wa antena ya redio wala waya za mashine, uwape njia zao, hata kama ni bomba lingine, la sivyo utaona mvua ya nukta kwenye skrini kila ukiongeza kasi.

LAINI KUU NA MATAWI

Sasa mtandao wenyewe. Vifaa vya boti vinaongea lugha inaitwa NMEA 2000. Kuna laini kuu moja inayopita ndani ya boti, kwenye hiyo laini kuna viungo vya T, na kila T inatoa tawi kwenda kwenye kifaa kimoja. Ni hivyo tu, lakini masharti yake ukiyavunja mtandao unakuwa kichaa, leo unafanya kazi kesho hapana.

Laini kuu ina ncha mbili na kila ncha lazima iwe na kizibo chenye ukinzani wa omu 120, mafundi wanaita taminata. Mbili, sio moja, sio tatu. Tawi moja lisizidi mita 6. Laini kuu ya waya mwembamba isizidi mita 100, hiyo boti ya futi 26 haitafika. Usitengeneze duara, yani ncha isirudi kuungana na ncha, na usitengeneze nyota kwa kuunganisha waya zote sehemu moja kwa kutumia tawi juu ya tawi. Viungo vya T vinaweza kuungana moja kwa moja kimoja kwa kingine hapo chini ya usukani bila waya katikati, inapendeza na inasaidia kutafuta tatizo.

Umeme wa laini unaingia sehemu MOJA tu, kwa T yake, na fyuzi yake ya ampia 3 ama kama kit inavyosema. Na utoke kwenye lile sanduku la fyuzi kupitia swichi yake, usiuunge kwenye swichi ya ufunguo wa mashine. Kuna boti nyingine gateway ya mashine (kifaa cha kutafsiri habari za mashine) inaleta umeme wake kwenye laini, hapo una vyanzo viwili vinapigana, soma kitabu ujue ni ipi inatoa umeme na ipi haitoi.

Kwenye mfano wetu matawi ni haya: skrini kubwa, skrini ndogo, antena ya GPS, sensa ya mwelekeo, redio, AIS, na mashine. Mashine za Yamaha, Suzuki na Mercury kila moja ina kifaa chake cha kutafsiri habari zake kwenda NMEA 2000, ulizia kwa namba ya modeli na mwaka wa mashine. Ukishaunganisha unapata mizunguko, joto, mafuta yanayotumika kwa saa, na hiyo ya mafuta kwa bei ya petroli ya sasa inalipa gharama yake yenyewe.

Tofauti ya kampuni isikutishe. Laini ya Raymarine ina plagi za umbo jingine lakini lugha ni ile ile, waya wa kubadilishia upo. Unaweza kuwa na skrini ya Simrad, AIS ya kampuni nyingine na redio ya tatu, kina, mwelekeo, mahali ulipo na meli za AIS vyote vitaonekana. Ambacho hakivuki ni picha ya sona (ile ya samaki na chini ya bahari) na rada. Hizo ni nzito, NMEA 2000 inabeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, kwa hiyo zinapita kwenye waya wa pili, waya wa etheneti, na huko kila kampuni ina lugha yake ya siri. Rada ya Garmin inataka skrini ya Garmin, ya Furuno vile vile. Simrad, Lowrance na B&G ni ndugu wa kampuni moja kwa hiyo wanaelewana mara nyingi. Ndo maana skrini zako mbili ziwe za ukoo mmoja, vinginevyo ile ndogo haitaonyesha samaki wanaoonekana kwenye kubwa.

Kabla ya kuwasha, pima. Zima umeme wa laini, chukua T moja iliyo wazi, angalia ile plagi ya pini tano. Weka multimita kwenye omu, ncha moja pini ya 4 nyingine pini ya 5, hizo ndo waya nyeupe na bluu za mazungumzo. Ikisoma 60 hivi, umemaliza, manake taminata mbili za 120 zikiwa sambamba zinatoa 60. Ikisoma 120 moja haipo ama kuna kiungo kimeachia katikati. Ikisoma 40 kuna mtu ameweka ya tatu, mara nyingi imejificha ndani ya sensa ya zamani ama kwenye laini ndogo ya mashine. Ikisoma karibu na sifuri waya umegusana. Kipimo hiki hakifiki dakika moja na kinakuokolea siku nzima ya kubahatisha. Alafu washa umeme, pima pini ya 2 na ya 3, uone volti 12 na ushee.

Skrubu zote za plagi kaza kwa mkono tu, plaizi zinavunja uzi wa plastiki. T iliyo wazi iwekewe kifuniko chake.

REDIO NA AIS

Simu sio redio. Ukiwa maili 15 nje mtandao wa simu ni bahati. VHF inatoa wati 25, lakini kama umeifunga kwa waya mwembamba wa RG-58 wa mita 10, kinachofika kwenye antena ni kama wati 16, nyingine imekuwa joto kwenye waya. Tumia RG-8X kama njia ya waya ni fupi ama RG-213 kama njia ni ndefu. Urefu wa antena kutoka majini ndo unaamua umbali kuliko wati, boti mbili zenye antena mita 4 juu zinasikizana kama maili 9 za bahari, ukipandisha antena juu ya paa la bomba unaongeza. Antena ya futi 8 ya desibeli 6 inafaa boti ya namna hii, zile za desibeli 9 miale yake ni myembamba sana, boti ikilala upande unaongea na mawingu.

Kichwa cha waya wa antena kichomelewe vizuri na kifungwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, maji yakiingia hapo yanafuata ule wavu wa shaba mpaka chini.

DSC, kile kitufe chekundu, hakina maana kama redio haina namba ya MMSI, yani namba ya utambulisho wa redio yako, na haijui iko wapi. Namba ina tarakimu 9, za Kenya zinaanza na 634, unaiomba Communications Authority, Tanzania ni 674 ama 677 na ni TCRA. Ingiza kwa makini, redio nyingi zinakuruhusu mara moja ama mbili tu alafu zinajifunga, ukikosea unairudisha kwa muuzaji. Mahali inapata kwenye laini ya NMEA 2000, ama kama redio ni ya zamani basi kwa waya mbili za NMEA 0183, ile lugha ya zamani, kasi 4,800, ya AIS ni 38,400, na ukiwa na 0183 kumbuka mdomo wa kimoja unaenda kwenye sikio la kingine, ukiunga mdomo kwa mdomo hakuna anayesikia.

AIS ya boti ndogo ni daraja B. Kama unavua usiku kwenye njia ya meli zinazoenda Kilindini, nadhani hii inakuja kabla ya rada kwenye orodha ya kununua, manake zile meli haziwezi kukukwepa kama hazijui upo, na nahodha wa kontena hakuoni kwa macho. Ipe antena yake mwenyewe ama kigawanyi cha kazi hiyo, usigawanye kwa T ya televisheni tafadhali.

RADA, GPS, SENSA YA MWELEKEO

Rada ikae juu ya paa, mbele kusiwe na bomba nene. Boti ikiwa mbio omo, yani pua ya mbele, inapanda, kwa hiyo weka kabari nyembamba nyuma ya kuba ili iiname mbele kidogo. Isiwashwe watu wakiwa wamesimama usawa wake. Antena ya GPS isiwe kwenye mwale wa rada na iwe kama mita moja kutoka antena ya VHF.

Sensa ya mwelekeo inapenda upweke. Mita moja kutoka spika, injini ya kuvutia nanga, waya nene za umeme, sanduku la zana. Spika za paa ni adui mkubwa, zina sumaku nzito na mtu anafunga sensa juu yake kabisa alafu anashangaa boti kwenye ramani inaenda upande kama kaa. Ifunge chini karibu na katikati ya boti, kwa skru za shaba ama stenlesi, ikiangalia mbele.

KUWASHA NA KUSETI

Washa kimoja kimoja, sio vyote. Kila ukiwasha kimoja nenda kwenye orodha ya vifaa kwenye skrini uone kimetokea. Sasisha programu za vifaa vyote hapa hapa ukiwa na intaneti na chaja ya betri, usikatishe katikati.

Mashine mbili lazima moja iwe namba 0, ya kushoto, na nyingine 1, ya kulia, zote zikiwa 0 skrini itaonyesha mashine moja inayorukaruka mizunguko. Chagua pia chanzo cha kila habari: kama una GPS tatu (ya skrini, ya redio, ya nje), iambie itumie ya nje. Kina nacho, amua kama unataka kusoma kutoka uso wa maji ama kutoka chini ya propela, mimi nachagua chini ya propela, pima kwa tepu uingize tofauti, na umwambie yeyote atakayeendesha boti. Anayefikiri namba ni ya uso wa maji na anayejua ni ya propela watapita mwamba mmoja kwa moyo tofauti.

Ramani za elektroniki za pwani yetu zipo na zinasaidia, ila miamba midogo na milango yake usiiamini kwa mita. Toka mara ya kwanza mchana, maji yakiwa yamejaa, rekodi njia yako, hiyo njia ndo ramani yako. Na pointi zako za samaki zihifadhi kwenye kadi, kadi ikae nyumbani.

MAJINI

Nenda maji tulivu ndani ya hori, zungusha boti taratibu duara mbili kama kitabu kinavyosema ili sensa ijipime, alafu linganisha na dira ya maji.

Kisha toka. Fishifainda ikiwa imewaka ongeza kasi kidogo kidogo huku mtu mwingine akiangalia skrini. Chini kunapotea kwenye noti 10? Transdyusa inapata povu, kama ni ya nyuma ishushe milimita chache ujaribu tena. Chini kunaonekana ila kuna uchafu wa nukta? Zima kifaa kimoja kimoja, pampu, redio, chaja ya simu (hizi za bei rahisi zina kelele kuliko mashine), mpaka nukta ziondoke, umempata. Bonyeza redio kuongea na boti nyingine kwenye chaneli ya kazi, sio 16, na wakati umebonyeza angalia volti kwenye skrini. Zikianguka zaidi ya nusu volti rudi kwenye waya mkuu.

Kwenye boksi la akiba weka taminata moja, T moja, fyuzi za kila saizi, vichwa vya waya na multimita ndogo. Ule mchoro upige lamineti uubandike ndani ya mlango wa usukani, kila waya uwe na namba inayofanana na mchoro ncha zote mbili. Ukirudi kutoka baharini skrini zimwagie maji baridi yasiyo na chumvi ndo ufute, usifute chumvi kavu kwa kitambaa inakwaruza kioo, na transdyusa ukiipaka rangi ya kuzuia chaza tumia ile ya maji, zile zenye tina (thinner) zinakula uso wake.